Mahindi ya Aliye Mbali

Nilipokuwa mtoto kule Magogoni, nyuma ya nyumba yetu, kati ya choo na ukuta wa jirani, palikuwa na kipande cha ardhi ambacho Hawe alikiita shamba. Hawe ni bibi yangu, mzaa baba. Ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi. Shamba lenyewe, ukipiga chafya upande huu, majani yanatikisika upande wa pili. Nimezunguka dunia, nimeona mashamba ambayo trekta hupotea ndani yake, na bado nikisikia neno shamba naona kile kiraka cha Hawe, na kamba ya nguo imepita katikati.

Hawe alikuwa na utaratibu wake. Masika yakianza, kila mtu wa nyumbani alichimbiwa mashimo yake ya mahindi: haya ya shangazi Dama, haya yangu, haya yake mwenyewe. Aliye safarini naye alipandiwa. Na mahindi ya aliye mbali hayaguswi mpaka mwenyewe arudi. Yakiliwa na mwingine, msafiri husahau njia ya kwao. Yakiharibika, basi huko aliko si kwema. Hawe alikuwa mama wa kanisa, mwimba kwaya wa safu ya mbele, lakini ukimwuliza alikujibu, "Kanisani nakwenda. Na shamba nalo lina mambo yake."

Aliye mbali kwetu alikuwa Baba, mpishi wa melini. Safari moja alituletea pakiti ya mbegu za kizungu, zimekunjamana kweli kweli. Hawe akazimwaga kiganjani. "Hizi mbona zimezeeka kunishinda mimi?"

"Mama, hayo mahindi ni matamu kama sukari," Baba akasema. Kisha akaondoka. Namna ya kuyala hakusema. Na kupika ndiyo kazi yake!

Hawe akazipanda zote kwenye mashimo ya Baba. Mahindi yetu ya kawaida tulipoyachoma na kuyapika kwa nazi, yale ya Baba yalibaki yamesimama, ndevu zimekuwa kahawia, mimi namezea mate. Mama Njeri, jirani yetu wa kutoka bara, akachungulia juu ya ukuta.

"Hawe, hayo yamefika. Chuma!"

"Mwenyewe hajaja."

"Na akichelewa?"

"Mahindi si mkate, Mama Njeri. Yatakauka, yamngoje."

Ndiyo hesabu aliyoijua. Hindi la kawaida likikauka hungoja hata mwaka, limenona vilevile. Basi siku moja Hawe akalimenya moja la Baba aone limefikia wapi. Punje zilikuwa zimebonyea, zimejikunja kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua. Akamenya la pili. Akamenya jingine. Shangazi Dama akaiacha nguo kwenye karai.

"Mama, usiniambie."

"Sijasema kitu."

"Hilo ndilo linaloniogopesha!"

Tangu Baba aondoke hatukuwa tumepata hata salamu. Kuanzia siku hiyo Hawe aliacha kuimba akifagia. Hakuna aliyelitaja jina la Baba, kama kwamba likitajwa litavunjika.

Mimi nilikuwa na dawa yangu. Nilichukua kikombe, nikaenda kuyamwagilia yale mahindi. Wala si shinani. Nilimimina maji juu ya punje zenyewe. Nilijua kwa hakika kabisa kwamba yakivimba tena, Baba naye atakuwa mzima. Hawe akanikuta.

"We, wafanyaje hapo?"

"Nayanywesha, Hawe."

Nikajikunyata kungoja kofi. Hawe akakitazama kikombe, kisha akaingia ndani. Alirudi na maji mengine.

Baba alitokea mchana mmoja, begi begani, mzima kama kigogo. Alipoyaona mahindi na sisi tulivyokonda kwa mawazo, akacheka mpaka akakohoa. "Mama! Haya huliwa mabichi, punje zikiwa bado na maziwa! Yakikauka hujikunja hivi hivi, ndiyo asili yake!"

Shangazi Dama akawa anamchapa kwa leso, anacheka na kulia. Hawe peke yake hakucheka.

"Na yalipokuwa na maziwa, mwanangu, ulikuwa wapi?"

Baba akalitua begi.

Hawe aliyapukuchua, akayaloweka usiku kucha. Asubuhi yalikuwa yamevimba! Nilitembea kifua mbele siku nzima, daktari mzima. Tuliyala kwa tui, na utamu ulikuwepo, ila wa mbali kidogo. Konzi moja Hawe aliweka mbegu.

Nilipokua nikawa fundi wa mitambo ya meli, nikarithi na ubaya wa kuchelewa. Kila niliporudi nilikuta yangu yameshakauka, tukayaloweka. Mabichi kwa Hawe sikuyala hata mara moja. Mara ya mwisho nilimkuta shangazi Dama peke yake, Hawe ameshazikwa. Akayafungua mahindi yaliyoning'inizwa juu ya meko, yamejikunja, meusi kwa moshi. "Yako haya. Alikataa yaguswe."

Siku hizi magoti yamenishinda, nimetulia Mtopanga. Mahindi matamu yauzwa dukani yamevikwa plastiki. Nayatazama kama mtu amtazamavyo jamaa wa kijijini aliyepata suti. Yangu nimepanda kando ya tangi la maji, na mashimo mengine ni ya binti yangu Sidi, aliye muuguzi nchi za baridi.

"Baba, si uyachume tu?" aliniambia kwenye simu jana. "Ule, unitumie picha."

"Mwenyewe hajaja."

"Baba! Umezunguka dunia nzima, bado waamini mambo ya Hawe?"

Nikamtania kwamba mtandao unakatika. Kwa nini yanajikunja najua, nilielezwa na mpishi wa melini mwenyewe. Lakini mkono unakataa kuchuma. Nadhani Hawe naye hakuyapanda ili yampashe habari za baharini. Alitaka tu pawe na kitu uwanjani kinachosema fulani bado hajafika, tusije tukazoea.

Asubuhi ya leo nimebonyeza punje moja ya hindi la Sidi kwa ukucha, maziwa yakaruka. Utamu wake ni wa siku chache tu. Nikalifunika tena kwa maganda yake, nikaingia ndani kuosha sufuria la kulowekea.