Picha ya Dada Nesi

Nimekosa, na wala sisingizii shetani. Shetani hakuwa na kamera, mimi ndiye niliyekuwa nayo shingoni, najiona mtu wa maana kweli kweli!

Miaka ile ya tisini nilikuwa napakia mizigo ghalani Malton, karibu na uwanja wa ndege wa Toronto. Lakini nilijipa cheo kingine: mpiga picha wa ndoto za watu. Namsogelea nisiyemjua kituoni, nampiga picha, namuuliza ana ndoto gani. Na watu wananieleza! Sijui ni baridi, sijui upweke. Mheshimiwa mimi naandika kwenye kidaftari.

Asubuhi moja nikamkuta mama wa Bukavu, kule Kongo, anasubiri basi, kavaa sare ya usafi, glavu za mpira mfukoni. Nilipomwamkia kwa Kiswahili akafurahi. Kwao alikuwa nesi miaka tisa, ila huku vyeti vyake havikutambulika, akaishia kusafisha vyoo. Ndoto yake ilikuwa kuvaa tena ile sare nyeupe. Akaniomba kitu kimoja, picha ile nisimwonyeshe mtu. Nikaapa. Kwa kuapa sina mpinzani.

Sasa, sisi wa huku tuna adabu yetu: Jumapili hatuulizani kazi. Mtu akija na suti ni bosi, yameisha. Hata mimi waliniita injinia, nami niliitika bila haya.

Jumuiya yetu ya wasema Kiswahili ikaandaa sherehe mtaa wa Etobicoke, wakaniomba picha za kupamba ukumbi. Kichwa kikavimba! Nikabandika ishirini, ya yule mama katikati, maana ndiyo iliyotoka vizuri zaidi. Chini nikaandika kwa Kiingereza, nionekane nimesoma: anasafisha vyoo, ndoto yake ni kuwa nesi tena.

Nilidhani hatakuja. Akaingia na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, pamoja na binti yake wa miaka kumi na mmoja. Kina mama wakamwita Dada Nesi, wakampisha kiti cha mbele. Ndipo nikajua kwamba wote, hata mtoto wake, alikuwa amewaambia kuwa huku pia ni nesi.

Binti akasimama mbele ya picha. Watoto wetu hawa Kiswahili wanakijibu kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe wanakisoma kama maji. Akasoma kwa sauti, mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mama yake. Shuleni alishawatambia wenzake wote.

Nikamkimbilia mama wa watu na samahani zangu. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Ndoto nilikusimulia," akasema. "Sikukupa."

Akachukua sufuria yake na mtoto wake, akaondoka. Ukumbini hakukanyaga tena. Kituoni alinipita kana kwamba mimi ni nguzo. Na wengine nao, nikiinua kamera, wakawa wanageuza nyuso. Wana haki.

Jamani, aibu hii ninayo mpaka leo. Wewe unayependa kuchokonoa ndoto za watu, ukiaminiwa, funga mdomo. Ikikuwasha sana kubandika, anza na ya kwako.

Mama yangu kule Tanga ana picha yangu sebuleni. Nimeegemea gari la jirani, suti ya kuazima, kidevu juu. Huwa anawaonyesha wageni mwanawe injinia. Hiyo, ajabu, sikuandika kitu chini yake.