Kufuli Mbili za Mlango wa Seremala

Seremala alipoona hali yake imefika pabaya, hakuomba daktari wala dawa. Alimshika mkewe mkono akasema, "Mama, mimi nitolewe kwa mlango ule. Usije ukanipitisha kwingine."

"Haya, baba," mkewe akaitika, kama mtu anayembembeleza mgonjwa alale. Alfajiri Seremala akakata roho, na ile "haya" ikabaki imemkaa mkewe kooni.

Mlango wenyewe ulikuwa wa kanisa lao, na huo ulikuwa mwaka wa tatu haujafunguliwa.

Watu hawa walikuja katika mji ule wakiwa vijana, wakifuata kazi ya kiwanda cha mbao. Wenyeji walikuwa na makanisa yao, na waliwakaribisha vizuri tu. Lakini mtu aliyefundishwa kusali na mama yake haoni raha kumwomba Mungu kwa maneno ya kuazima. Basi wakaanza kusalia katika chumba cha kulia chakula pale kiwandani, kwenye harufu ya supu na jasho, kila mmoja na Biblia aliyotoka nayo kwao. Baadaye wakajijengea kanisa kwa mabanzi ambayo msimamizi alikuwa akiyatupa. Kila familia ilipiga benchi lake, ndiyo maana hakuna benchi mle lililolingana na jingine, na wenye miguu mifupi husikiliza neno huku wananing'inia. Mlango aliutengeneza Seremala peke yake, jioni baada ya kazi, akaupiga randa mpaka ukang'aa.

Sasa, nusu yao walitoka bondeni na nusu mlimani, na tangu huko kwao hawakuaminiana hata kuachiana chungu jikoni. Kila upande uliogopa mwingine usije ukajifungulia, ukachagua wazee wa kanisa peke yake. Wakakubaliana mlango uwe na kufuli mbili. Ufunguo wa watu wa bondeni akapewa mke wa Seremala. Wa mlimani akapewa dada yake Seremala, aliyekuwa ameolewa upande huo. Wenyeji walicheka mpaka basi: "Hata Petro mbinguni hakuwekewa mlinzi!"

Wacheke wasicheke, mambo yalikwenda. Kila Jumapili mawifi wale wawili walikutana mlangoni, huyu anafungua yake, yule anafungua yake, huku wanawateta waume zao. Mke wa Seremala akabandikwa jina la Mama Ufunguo, naye akalipenda. Ufunguo wake aliuvaa kifuani kama nishani.

Kilichowafarakanisa ni lugha. Watoto walizaliwa pale, wakasoma pale, lugha ya wazazi wakawa wanaisikia kwa mbali. Siku moja katika kikao, wifi akasimama akaomba mahubiri yawe kwa lugha ya hapa. Mama Ufunguo hakumngoja aketi.

"Anayetaka lugha ya hapa, makanisa ya hapa yako wazi. Na milango yao ina kufuli moja tu!"

Watu waliangua kicheko. Wifi hakucheka. Jumapili iliyofuata hakutokea na ufunguo wake, watu wakasimama mvuani mpaka wakatawanyika. Jumapili ya pili wifi akaja, Mama Ufunguo akabaki nyumbani akipiga pasi mashuka yasiyohitaji pasi. Ikawa ndiyo hivyo. Wengine wakahamia kwa wenyeji, wengine wakafa, wengine wakaacha kusali kabisa.

Na sasa Seremala amelala sebuleni ndani ya sanduku, mkwewe anasema, "Mama, kufuli si kitu. Nakuja na msumeno wa chuma, mara moja tu."

"Uuharibu mlango wa baba mkwe wako hata hajazikwa? Kaa chini."

Akajifunga kitambaa kichwani, akaenda mwenyewe. Alimkuta wifi yake kwenye cherehani, anajishonea gauni jeusi.

"Karibu, wifi. Au umepotea njia?"

"Kaka yako hatunaye."

"Najua. Nimeambiwa na muuza maziwa."

Kweli Mama Ufunguo hakutuma mtu. Alikuwa amejiambia kwamba habari zitafika tu.

"Nimekuja kwa ajili ya mlango."

"Aha. Mlango." Wifi akakata uzi kwa meno. "Ufunguo nitauleta. Ila mahubiri yawe kwa lugha ya hapa, wajukuu wake wamjue wanayemzika."

"Kaka yako hakusali kwa lugha hiyo hata siku moja!"

"Kaka hatasikia, wifi. Watakaosikia ni wao."

"Na mimi je?" Lugha ya hapa Mama Ufunguo aliijua ya sokoni na ya hospitali, basi. "Nikae kwenye mazishi ya mume wangu kama kiziwi?"

"Wanangu walikaa hivyo utoto wao wote. Ukaniambia mbele ya watu makanisa ya hapa yako wazi. Hawakwenda, wifi. Hawaendi popote."

Mama Ufunguo akamwona Seremala akilini akipitishwa kwenye ukumbi wa kukodi, kati ya viti vya plastiki.

"Haya," akasema, shingo upande.

Siku ya mazishi kufuli ya wifi ilifunguka, ya Mama Ufunguo ikagoma kwa kutu.

"Usilazimishe, utauvunja," wifi akasema, akatoa mfukoni kichupa cha mafuta ya cherehani. Alikuwa amelifikiria hilo tangu nyumbani.

Mchungaji wa wenyeji alihubiri. Mama Ufunguo akadaka neno hapa na pale: mbao, mikono, mlango. Ghafla wajukuu wakacheka, kisha mkubwa wao akaanza kulia, na yeye hakujua wamechekeshwa na nini wala wamelizwa na nini. Aliyempa mchungaji habari zile ni wifi. Wivu ukamchoma Mama Ufunguo kuliko msiba.

Walimtoa Seremala kwa mlango wake, kama alivyotaka. Makaburini Mama Ufunguo akashindwa kujizuia. Katika usharika wao, aliyefiwa husema, "Amefika," na wote huitikia. Akasema kwa lugha ya kwao, "Amefika."

Vijana wakatazamana, wakamtazama mchungaji.

"Amefika," akarudia, sauti ikimkatika.

Ng'ambo ya kaburi, sauti moja ya kukwaruza ikajibu kwa lugha ile ile: "Nasi tuko njiani." Alikuwa wifi. Wazee wenzao waliojua jibu walishakufa au hawakuja.

Walirudi kufunga, wawili tu. Kila mmoja akazungusha ufunguo wake.

"Jumapili nitakuja na wangu," wifi akasema.

"Kwa lugha ipi?"

"Tutaulizana tukishafungua."

Mama Ufunguo hakusema "haya". Alikwisha kuisema mara mbili wiki ile, na bado ilikuwa inamuuma. Akautia ufunguo kifuani, akashuka ngazi taratibu, na wifi yake nyuma.