Yowe Ambalo Nasieku Hakulipiga

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, kwa sababu siku hiyo nilimwongezea mwanamke jambo moja katika ushahidi wake. Nilidhani namsaidia. Kidogo nimmalize.

Nakuambia haya kwa kuwa kesho unaanza ukarani wa baraza, na jioni hii nimekuona ukichonga penseli ile ile mara tatu. Umenirithi. Mimi nami nilikuwa kijana mwenye hofu ya kukosea. Nilijifundisha kuandika peke yangu, nikikwaruza jani la mgomba kwa mwiba, nikinakili herufi zilizokuwa kwenye mizigo ya wapagazi. Wajerumani walipokuwa wakijenga boma lao hapa Arusha, Bwana Shauri, yaani yule mkubwa aliyeamua kesi, alijua Kiswahili lakini hakujua Kimaa, lugha yetu. Nikachukuliwa niwe mkalimani na mwandishi wake. Askari waliniita Mwalimu wa Migomba. Nilicheka nao, kisha nikaenda kurudia mistari yangu mpaka vidole viume.

Nasieku alikuja barazani na mama mkwe wake, bibi wa Kijenge ambaye sote tulimwita Koko. Alikuwa mke kijana, mtoto wake wa kwanza bado ananyonya. Siku tatu kabla, alikuwa amepeleka ndizi za vibarua waliochoma chokaa ya boma. Aliporudi, mnyapara wa chokaa alimfuata hadi karibu na mto Themi, akamwingilia kwa nguvu.

Alisimulia, wala hakusimulia kwa mpangilio. Alianza na kilio cha mtoto. Akarudi kwenye kikapu cha ndizi. Akasema mikono ya yule mtu ilikuwa myeupe. Akanyamaza muda mrefu. Akasema hajui jua lilikuwa limefika wapi. Mwishoni akasema, "Nilitaka kupiga yowe, koo likafunga."

Sasa elewa yowe lilikuwa nini kwetu. Mwanamke akipiga yowe, kila mwanamume aliyelisikia aliacha alichoshika akakimbia huko, na asiyekimbia aliulizwa na wazee. Kwa hiyo mwanamke ambaye hakusikika, watu walisema amekubali. Nililijua hilo. Tena niliona Bwana Shauri akigongagonga meza kwa vidole, nikaogopa atadhani maneno yamevurugika kwa sababu mimi sijui kazi. Nikayapanga. Asubuhi, njia, mto, mtu, tendo. Ile mikono myeupe sikuona pa kuiweka, nikaiacha. Na penye koo lililofunga nikaandika kwamba alipiga yowe. Nilipomaliza niliusoma ukurasa ule kwa sauti, nao ukanipendeza. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa, kwamba ulinipendeza.

Kesho yake mnyapara akaletwa. Alisema hajawahi kumgusa mwanamke yule hata kwa kidole, kisha akacheka.

"Bwana, wanawake wa hapa wakikanyagwa na kuku tu, mlima mzima unasikia. Huyu kapiga yowe mchana kweupe. Nani alimsikia?"

Watu wa kando ya mto wakaitwa. Mmoja baada ya mwingine walisema ukweli wao: hawakusikia kitu. Bwana Shauri akaitazama karatasi yangu.

"Mwanamke amesema uongo," akasema. "Kesho kutwa namaliza shauri hili. Asipoleta shahidi, atafungwa yeye."

Wazee wa upande wa mume walikuwa wamekwisha kuanza kuzungumza na mnyapara habari za ndama, ili mambo yaishe kimya. Nasieku hakuulizwa.

Koko alinikuta nyuma ya boma nikiosha kalamu ambayo tayari ilikuwa safi. Nikainamisha kichwa aniguse utosini, kama tunavyowaamkia wakubwa. Hakunigusa.

"Nani alipiga yowe?"

"Koko, nilitaka aaminiwe."

"Alikuambia koo lilifunga?"

"Aliniambia."

"Basi kwa nini ukamtafutia koo jingine? La kwake lilikuwa na kasoro gani?"

Niliendelea kuisugua kalamu.

"Na chokaa ya mikono yake je? Mbona sikusikia ikisomwa?" Akanieleza kwamba ngozi aliyoivaa Nasieku siku ile ameificha kwake, na upande wa ndani ina alama za viganja viwili vyeupe. "Kuandika umejifunza," akasema. "Kusikiliza bado." Akaondoka zake.

Kumdanganya Bwana Shauri malipo yake yalikuwa kiboko. Nilikuwa nimeona watu wakichapwa kwa makosa madogo kuliko langu. Niliwaza kukimbilia Olmotonyi kwa wajomba zangu, hata kibuyu cha maziwa nikakifunga kamba tayari kwa safari.

Lakini asubuhi ya shauri nilipotoka nje, nikakuta wanawake. Walitoka Kijenge, walitoka miteremko ya Meru, wengine Wameru ambao hata lugha yetu hawakuijua sawasawa. Wamekaa chini mbele ya boma, kila mmoja na kishungi cha nyasi mbichi mkononi, ambazo kwetu ni ishara ya mtu asiyetaka ugomvi. Hawakuimba. Askari aliwafokea waondoke, wakamtazama tu. Mbuzi akaja akala nyasi za bibi mmoja, na hakuna aliyecheka. Nikakiacha kibuyu pale pale.

"Bwana," nikasema nikiwa nimepiga magoti mbele ya meza ya Bwana Shauri, "lile yowe ni langu. Yeye hakulisema."

"Kwa nini uliandika?"

"Niliogopa hutamwamini."

Akaisukuma kando karatasi yangu. "Aseme tena," akasema. "Ukiongeza neno moja, utaona."

Nasieku akasimulia upya. Mtoto, kikapu, mikono myeupe, na kimya kile kile mahali pale pale. Aliponyamaza nilinyamaza, na sijawahi kupata kazi ngumu ya ukalimani kama hiyo. Kisha akasema, "Sikupiga yowe. Koo lilifunga. Kama ni kosa, nifungeni." Akaitandaza ngozi mezani.

Mlima Meru nimeuona ukifunuliwa na mawingu mara nyingi, mwanangu. Sijaona kitu kikubwa kama mwanamke yule amesimama, mtoto mgongoni, akisema "sikupiga yowe" bila kushusha macho.

Bwana Shauri alimwuliza mnyapara chokaa yake imefikaje ndani ya vazi la mtu ambaye hajamgusa.

Mnyapara alitiwa mnyororoni. Mimi nilichapwa viboko kumi na tano. Usidhani lakini kwamba haki ilitimia. Ndama alipewa mume. Nasieku alirudi nyumbani bila mtu kumwuliza yeye anataka nini, na katika hukumu Bwana Shauri hakuandika jina lake. Aliandika "mke wa fulani", kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa sikia. Atakuja mbele yako mtu aliyeumizwa. Ataruka mambo, atasahau, huenda hata akacheka usipotarajia. Usimtengeneze. Usingoje alie ndipo umwamini. Anapoanzia, anzia hapo. Akisema hajui, andika kwamba hajui. Jambo usiloona pa kuliweka, liandike kwanza kabla ya mengine. Na jina lake liandike lote.

Mungu akupe sikio lenye subira na mkono usiotetemeka. Akupe ng'ombe na watoto, na siku zako ziwe nyingi kuliko zangu.

Mimi hadi leo bado naogopa kukosea, hilo halijaniacha. Ila tangu shauri lile sijaandika tena neno ambalo mwenye kisa hakulisema.