Mkono wa Kushoto wa Fundi Saa

Fundi Saa hakuwahi kumrudishia mteja saa kabla ya kuivaa mwenyewe siku nzima. Ndivyo alivyofunzwa, enzi ambazo kazi ilikuwa na heshima yake. Siku hizi mtu akitaka kujua wakati huchungulia simu, na saa ikiharibika huitupa kama ganda la ndizi.

Figo zake zilipokufa, daktari alimuunganishia mishipa ya mkono wa kushoto ili mashine ya kusafisha damu ipate njia. Fundi akaendelea kuvaa saa za watu mkono uleule, mkanda kaukaza, maana saa inayochezacheza haipimiki.

Damu ikaganda. Njia ikaziba.

"Mzee, si nilikukataza kuubana mkono huu?" muuguzi alimfokea. "Hata uzi!"

"Ulisema shati, binti yangu. Saa hukuitaja."

"Na saa ni nini, kofia?"

Mkewe alicheka mpaka akaketi, kisha akazifungia saa zote kabatini. Daktari akaizibua njia. Wiki sita Fundi alikaa mkono mtupu, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Ikaziba tena.

"Umevaa kwa siri," mkewe akasema.

"Haki ya Mungu, sijavaa!"

"Basi imejizibaje?"

Fundi akaanza kujishuku mwenyewe: labda huzivaa usingizini?

Safari hii haikuzibuka. Ulibaki mkono wa kulia, ule wa kazi, na huo nao ukiziba, njia zilizosalia ni chache na mbaya. Kabla ya kuupasua ili aunganishe mishipa yake, daktari aliipima damu.

"Mzee wangu, kingamwili ni walinzi wa mwili. Zako zimekosea adui, zinaigandisha damu."

"Kwa hiyo si saa?"

"Huenda saa ilichangia. Huenda ingeziba tu."

"Daktari, mimi kitu kikisimama hukifungua nikaona kilichokisimamisha. Hapa ni kipi?"

"Hapa sioni, Mzee. Nakisia." Daktari akamsogezea vidonge mezani.

Fundi alimgeukia mkewe, ambaye hakosi neno. Leo alikuwa anatazama sakafu.

"Nikimeza hivi vidonge vya kuzuia damu kuganda, mkono huu hautaziba?" akamuuliza daktari.

"Vitasaidia. Ahadi sitoi."

Aliunyoosha mkono wa kulia juu ya meza. Akaurudisha mapajani, akautazama kama wa mtu mwingine. Kisha akaunyoosha tena.