Karatasi ya Mlango wa Friji

Kituoni walimwita Mama Barafu, na jina likamkaa. Miaka kumi na minane alikuwa nesi wa chanjo, kwenye chumba kidogo ambacho ukipiga chafya, friji inakuitikia. Mlangoni pa friji hiyo palibandikwa karatasi ya visanduku: asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, andika digrii. Kati ya mbili na nane, chanjo iko salama. Zaidi ya hapo kwa muda mrefu, inakufa, hata kama kichupa kinang'aa.

Sasa niambie wewe, Jumamosi na Jumapili nani aje kusoma hizo digrii? Kituo kinafungwa, mlinzi hana ufunguo, na posho ya wikendi ilishakuwa hadithi. Lakini makao makuu wanataka karatasi iliyojaa. Kisanduku kikibaki kitupu, barua inakuja, tena yenye muhuri. Basi manesi wakajiongeza. Ijumaa, kabla ya kuvua koti, unajaza wikendi nzima: nne, nne, nne, nne. Mama Barafu alifundishwa hivyo na nesi aliyemtangulia, na huyo naye alifundishwa na wa kabla yake. Hakuna aliyeuita uongo. Uliitwa utaratibu.

Jumatatu hiyo alikuta foleni imefika mpaka getini. Surua ilikuwa imeingia mtaa wa bondeni, na kina mama walikuja na watoto mgongoni, wengine hata hawajanawa uso. Akafungua friji haraka haraka. Kipimo kilisoma sita. Akashtuka kidogo, maana sita si kawaida yake. Akaitazama karatasi: nne, nne, nne, nne. Moyo ukatulia, alaa, kumbe wikendi ilikuwa nzuri, ni huu mlango tu wa kufunguliwafunguliwa. Jamani, binadamu! Mwandiko wake, kalamu yake, na bado karatasi ikamdanganya. Akachanja watoto thelathini na mmoja.

Saa saba alitoka kutafuta chai. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa mlangoni anakung'uta shuka.

"Shikamoo, Mama Barafu!"

"Marahaba, baba. Leo naona mashine inanguruma."

"Acha tu! Wikendi nimenyoa kwa mkasi kama enzi za babu. Umeme umekatika Ijumaa magharibi, umerudi leo alfajiri. Nyinyi wenzetu mna jenereta, mnajidai."

Jenereta ilikuwepo, ndiyo. Dizeli yake ndiyo haikuwepo. Ilichotwa wiki mbili nyuma ikawekwa kwenye gari la mkuu wa kituo, aliyekuwa anawahi semina ya utawala bora. Usicheke.

Chai hakuinywa. Alirudi mbio chumbani, akajifungia, akainamia ndoo ya taka na kutoa vichupa vitupu kimoja kimoja. Kila kichupa kina alama, mraba mweupe ndani ya duara. Chanjo ikipigwa na joto, mraba unageuka mweusi. Alama hiyo alikuwa akiwafundisha wanafunzi kwa mbwembwe zote, na asubuhi, kwa haraka ya foleni, hakuitupia hata jicho. Cha kwanza cheusi. Cha pili cheusi. Akakaa kwenye ndoo nyingine iliyofunikwa.

Mkuu wa kituo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka kufunga dirisha.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna, mkuu."

"Vizuri. Nisikilize, dada yangu. Hiyo sindano imemdhuru mtoto yeyote?"

"Haidhuru. Ila haikingi."

"Basi! Hakuna aliyeumia. Vichupa vilivyobaki andika vimevunjika, na hao watoto tutawatafuta mwezi ujao, taratibu. Ukitaka kupiga kelele, piga. Lakini mwandiko kwenye ile karatasi ni wa nani? Wangu?"

Alibakiza miaka miwili astaafu. Nyumbani mumewe alikuwa kitandani tangu kiharusi kimpige, anakula kwa kulishwa, na dawa zake zinataka mshahara. Akanyamaza. Si kwamba alikubali; aliogopa, na woga haukumwachia mdomo.

Jumanne nzima alikuwa akisikiliza kila mlio. Gari likipunguza mwendo getini, ni makao makuu. Mtoto akikohoa kwenye korido, ni surua. Usiku alimlisha mumewe, kijiko kikampita pembeni mara mbili, mzee akamtazama kwa jicho lake zima asiseme kitu, maana kusema hawezi. Mama Barafu akajikuta anafurahi kwamba hawezi kumuuliza.

Jumatano asubuhi tabibu alimwambia wamelaza watoto watatu wa surua kutoka bondeni. Mama Barafu akakimbilia daftari lake, akapitisha kidole jina kwa jina. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wa Jumatatu. "Afadhali," akasema kwa sauti, kisha akajisikia mchawi. Hapo ndipo aliposhindwa kuvumilia. Alimwendea nesi mwenzake aliyesoma naye, kwenye kituo cha pili, akamweleza yote bila kuficha, akapewa chanjo nzima kwenye boksi la baridi. Akalitia begani, akashuka bondeni na daftari kwapani.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani, mwanamke mcheshi, cherehani yake iko kizingitini.

"Hee! Nesi mwenyewe kwangu! Karibu, mama, karibu ndani."

Ndani, mkekani, walikaa watoto wawili wakipokezana kikombe kimoja cha uji. Mmoja ni wa fundi, anacheka. Mwingine macho yamemwiva, upele umemjaa usoni mpaka shingoni.

"Huyu ni wa nani?" Mama Barafu akauliza.

"Wa jirani, masikini. Ana surua, na mama yake kazini hawampi ruhusa. Mtaa mzima unamkimbia. Nikamwambia mlete kwangu, wa kwangu amechanjwa, naogopa nini mimi?" Akainua godoro, akatoa kadi iliyofungwa kwenye nailoni, akaifungua kwa fahari. "Hii hapa. Naitunza kuliko kitambulisho changu."

"Mama, hiyo kadi usiiamini."

"Nisiiamini vipi? Si umeiandika wewe?"

"Nimeiandika mimi. Umeme ulikatika, chanjo ilikuwa imekufa. Nimekuja na nyingine, tumchanje sasa hivi, huenda tukawahi."

Fundi hakutukana. Alikwenda mkekani, akamnyanyua mwanawe, akampokonya kikombe. Kisha akabaki amesimama, akimtazama yule mwingine aliyekuwa amenyoosha mikono naye abebwe.

"Umejua lini?"

"Jumatatu mchana."

"Huyu," fundi akasema, "nimemchukua jana."