Kabureta mbili za pikipiki ya marehemu baba

Jamani nimechoka, na kazi yenyewe nimeifanya mara mbili.

Ile pikipiki ya marehemu baba mnaijua. Ya enzi za mkoloni, babu aliinunua akiwa karani, baba akairithi. Ina kabureta mbili, na miaka yote hazijawahi kuvuta sawa.

Leo nikasema liwalo na liwe.

Tangu asubuhi nimechuchumaa uani hapa Kimara, kipande cha mpira wa maji sikioni, bisibisi mkononi. Nasikiliza kabureta ya kushoto inavyovuta hewa, nakaza skrubu. Nasikiliza ya kulia, nalegeza. Mgongo sina.

Saa kumi jioni ikakubali. Inanguruma laini kama cherehani! (Mnaobisha, shauri yenu.)

Nikazunguka nayo mtaani, nikarudi getini. Geti limefungwa. Nikapiga honi. Mama hatoki. Nikashuka, nikagonga.

Akatoka na upawa mkononi.

"Kumbe ni wewe? Nilijua mgeni."

"Mama, si nimeitengeneza?"

Akaiangalia weee.

"Baba yako akifika pale kilimani ilikuwa inakohoa. Mie nikiisikia tu, nabandika chai, nakuja kufungua geti. Miaka yote hiyo."

Akarudi jikoni.

Basi nikachuchumaa tena. Kabureta ya kushoto nimeilegeza kama ilivyokuwa. Mafundi mtanicheka, chekeni tu.

Nikaenda nayo hadi chini ya kilima, nikageuza. Ikapanda inakohoa kama mgonjwa.

Nafika, geti liko wazi.