Chumba cha Pili Kule Shela

Mwanangu, kila nikiona vijana wameinamia simu wakipanga likizo, Jumapili moja hunirudia nzima, na ule wivu wake hurudi nao. Usishangae nikikuambia kwamba haujaisha wote. Umepungua tu.

Kulikuwa na manyunyu hapa Gesima. Nilitoka kuchuma majani chai, kikapu mgongoni, nikamkuta mdogo wangu Moraa sebuleni kwangu pamoja na mumewe Ombati. Walikuwa wametoka mjini Kisii kunijulia hali. Ombati aliponiona aliinuka, akasogea hadi kiti cha pembeni kabisa, akaketi akiangalia chini. Ndivyo alivyokuwa akiniheshimu, nami nilipenda sana.

Ngoja nikueleze kwa nini. Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule ili wadogo zangu wabaki shule, na Moraa, kitinda mimba, nilimbeba mgongoni nikichuma chai. Siku ng'ombe wa mahari yake walipoletwa, wazee walimpangia shangazi yetu Bosibori kiti cha mama wa bibi harusi. Nilikataa mbele ya watu. Nilisema huyu mtoto anaye mama, na mama ni mimi. Wakanong'ona, wakakubali, nikavishwa shali ya mama mkwe. Tangu siku hiyo Ombati aliniita mama. Hakunipa mkono, wala hakupita karibu na pazia la chumba changu cha kulala. Kwetu Gusii heshima hiyo huitwa chinsoni. Mzazi na mtoto aliyeoa huoneana haya, kila mmoja hukaa mbali na malazi ya mwenzake.

Basi Jumapili hiyo Moraa alinivuta mkono. "Dada, njoo uone nyumba tuliyopata! Iko Shela, kisiwani Lamu."

Nilitazama simu. Kuta nyeupe, kitanda cha kamba chenye chandarua, dirisha, na nje ya dirisha maji ya buluu mpaka mwisho wa macho. Walikuwa wamepanga kila kitu. Wangeenda Januari, kwa kuwa ina jua, si mwezi wa tano wa mvua. Wangelala Nairobi, wapande basi mpaka Mokowe, kisha wavuke kwa mashua. Asubuhi wangeogelea, mchana walale, jioni wale samaki. Moraa alikuwa amekwisha kununua kofia pana ya ukili, akaivaa pale pale kwenye sebule yangu yenye harufu ya moshi.

"Huko hakuna magari, dada. Ni punda tu."

"Mama, punda ndio boda boda za kule," Ombati akasema kutoka pembeni. "Tofauti ni kwamba punda hawabishani juu ya nauli."

Nilicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Mwanangu, wivu ulinishika kama kiungulia. Mikono yangu ilikuwa myeusi kwa utomvu wa chai. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Kericho, na nilikwenda kumpeleka mgonjwa. Nilimwangalia yule mtoto niliyemsugua miguu kwa jiwe, sasa anauliza kama kofia inampendeza, nikajiambia: kumbe nilikuwa nalea mtu wa kwenda kulala mchana huku mimi nikichuma.

"Nyumba ina vyumba vingapi?" nikauliza.

"Viwili, lakini..."

"Basi kile cha pili ni changu."

Ombati alitazama viatu vyake. Moraa akavua kofia polepole, akasema, "Sawa, dada."

Kesho yake nilitangaza kituoni, pale tunapopimia majani. Wenzangu walinichangamkia.

"Kwamboka, utaingia baharini na gambuti?"

"Mwacheni, atachuma mwani akidhani ni chai!"

Nilicheka nao, nikajibu kwa maringo. Moyoni nilikuwa najiona nimeshinda.

Lakini mipango ilianza kuchechemea. Moraa alipiga simu akasema ile nyumba haifai tena, bafu lake ni moja. Baadaye akasema wamepata nyingine, ila vyumba vinatazamana. Kisha wakatafuta nyumba mbili, zikawa mbali mbali, nikasema sitaki kutupwa peke yangu ugenini kama mzigo. Mwishowe akaniambia kwa sauti ndogo kwamba Ombati amenyimwa likizo kazini, tuache tu.

Nilikasirika. Nilimlaumu mwajiri wa Ombati njia nzima kwenda kituoni. Shangazi Bosibori alikuwa kwenye foleni mbele yangu, akanisikia. Tulipomaliza kupima, alinifuata mpaka nyumbani, akakaa jikoni, akaniomba chai. Alipoimaliza ndipo aliposema.

"Kwamboka, wewe uoge bahari moja na Ombati?"

"Bahari ni kubwa, shangazi."

"Ni kubwa. Lakini kamba ya kuanikia nguo ni moja. Nguo zako za ndani zikipepea pale uani, mkweo atapita wapi? Atatambaa?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Na asubuhi utoke na kanga ya kulalia, umkute barazani na kaptura. Mtatazamana, au kila mmoja atarudi ndani akae humo mpaka siku ya kuondoka?"

"Mimi ni dada yake Moraa," nikasema.

"Siku ya ng'ombe hukusema hivyo." Hakupaza sauti. "Uliniondoa kwenye kiti kile mbele ya wakwe. Sikukasirika, kwa sababu ulistahili kukikalia. Lakini ukishakuwa mama mkwe asubuhi, huwezi kuwa dada jioni kwa sababu umeona picha ya bahari. Ombati hakunyimwa likizo. Moraa alikuja kwangu akalia. Hawawezi kukukataza, na hawawezi kulala nyumba moja nawe. Kwa hiyo wameamua kutokwenda. Tangu waoane hawajawahi kupumzika pamoja, na sasa umewanyang'anya."

"Niliwalea, shangazi."

"Ndiyo, uliwalea. Lakini hapa unaona wivu. Sema wivu. Usiutaje kwa jina la kulea."

Alifunga leso yake akaenda zake. Nilibaki jikoni na masufuria, hasira yote ikiwa kwake. Ilichukua muda kukubali kwamba alikuwa amenisoma sawasawa. Nikampigia Moraa.

"Nendeni," nikamwambia. "Nyinyi wawili tu. Kachukueni ile nyumba ya kwanza."

"Dada, si tulisema Ombati..."

"Achana na hayo. Nendeni. Na ujue nina wivu, Moraa. Nina wivu mpaka tumbo linauma."

Akauliza kitu ambacho sijawahi kuulizwa na mtu yeyote tangu tuzike wazazi: "Na wewe dada, unataka nini?"

Nilijua bei ya mbolea, nilijua saizi ya viatu vya kila mdogo wangu, lakini hilo sikulijua. Nikamwambia nitafikiri. Nililia baada ya kukata simu, na hata sasa siwezi kukuambia kama kilikuwa kilio cha uchungu au cha ahueni.

Wao walikwenda Januari. Mimi nilichuma chai kwa hasira wiki nzima, na kila jua lilipotoka niliwaza: huko kwao ni kali zaidi.

Mwanangu, kama wewe ni mkubwa na umewalea wenzako, sikiliza. Wivu utakuja siku watakapoanza kufurahi bila wewe. Usiuonee aibu, ila uutaje mapema, kwa jina lake, kwa mtu anayekupenda. Usijipachike kwenye furaha ya mtoto kwa kuwa tu hawezi kukukataza. Jiulize wewe unataka nini, na ulitafute lako, hata kama ni kulala tu mchana mmoja mlango ukiwa umefungwa. Na wewe uliyelelewa na ndugu yako, usingoje aone wivu ndipo umuulize. Muulize leo.

Mungu wa mayatima akutunze. Akupe mapumziko yaliyo yako mwenyewe, na akupe moyo wa kusema "nendeni salama" hata siku unapotamani mno kwenda.